Mwiba, kuvu na jicho: ugonjwa wa polepole unaopofusha haraka

Zaidi ya watu milioni moja duniani huugua kila mwaka maambukizi ya kuvu kwenye kioo cha jicho, na wengi wao ni wakulima na vibarua wa nchi za joto. Aghalabu chanzo ni kitu kidogo mno: jani la muhindi lililokwaruza jicho wakati wa palizi, mwiba, kumvi la mpunga, au kibanzi cha kuni kilichoruka.

Makadirio hayo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases. Watafiti walieleza kuwa mzigo mkubwa wa ugonjwa huo uko Asia na Afrika, na kwamba kati ya wagonjwa 100, wanane hadi kumi na mmoja huishia kuondolewa jicho lenyewe. Kwa hesabu hiyo, dunia hupoteza macho kati ya 84,000 na 115,000 kila mwaka.

Hata hivyo, mwiba peke yake ni nadra kumpofusha mtu. Kinachopofusha ni siku zinazopita kati ya mwiba na matibabu, pamoja na dawa zinazotiwa jichoni katika siku hizo. Maambukizi ya kuvu huanza kimya, hufanana na magonjwa mengine ya macho, na dawa bora iliyopo hufanya kazi vizuri pale tu kuvu anapokuwa bado hajazama ndani. Anayechelewa hukuta tiba ipo, lakini haimfikii tena adui.

Kioo kisicho na damu

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho ni kioo angavu ambacho wataalamu hukiita konea. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita tu, na kupitia kioo hicho ndimo nuru huingia kabla ya kufika kwenye mboni, lenzi na hatimaye sehemu ya nyuma inayopokea picha.

Ili konea iwe angavu, Mwenyezi Mungu ameiumba bila mishipa ya damu. Uangavu huo una gharama yake. Katika sehemu nyingine za mwili, damu huleta askari wa kinga mara tu ngozi inapokatwa. Kwenye konea askari hao hulazimika kutoka mbali, pembezoni mwa jicho na kwenye machozi, na huchukua muda kufika.

Ngome kuu ya konea ni utando mwembamba wa juu. Ukiwa mzima, vijidudu vingi huoshwa na machozi na kope bila madhara. Ukikwaruzwa, mlango unakuwa wazi. Kwa kawaida utando huo hujiziba wenyewe kwa siku moja au mbili, na ndiyo maana watu wengi huchomwa na majani shambani bila kupatwa na lolote. Tatizo hutokea pale kitu kilichokwaruza kinapoacha mbegu za kuvu ndani ya mlango kabla haujafungwa.

Adui anayeishi shambani

Kuvu, ambao wengi huwaita fangasi, wako kila mahali: kwenye udongo, majani yanayooza, nafaka na vumbi. Jamii mbili zinazohusika zaidi na maambukizi ya konea katika nchi za joto huitwa fusariamu na aspagilasi. Fusariamu hushambulia pia mimea, yakiwemo mahindi na migomba, kwa hiyo mkulima humgusa kila siku bila kujua.

Uhusiano wa ugonjwa huu na kilimo ulijulikana tangu mwanzo. Mwaka 1879 daktari wa macho wa Kijerumani, Theodor Leber, alieleza habari za mkulima ambaye jicho lake lilipigwa na kapi la nafaka wakati wa kupura. Ndani ya kidonda cha konea Leber alikuta nyuzi za kuvu wa jamii ya aspagilasi. Hiyo inahesabiwa kuwa taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu kuvu kwenye konea, na karibu karne moja na nusu baadaye wagonjwa wanaofika katika hospitali za Mbarara, Madurai au Kathmandu husimulia mkasa unaofanana nao.

Kuvu akishaingia hatoi ishara ya haraka. Bakteria wengi huleta maumivu makali na usaha ndani ya siku moja au mbili. Kuvu huweza kuchukua siku kadhaa, au hata wiki, akitandaza nyuzi zake taratibu katikati ya tabaka za konea. Mgonjwa huona wekundu, mchozo, mwasho na ukungu kidogo wa kuona, akadhani jicho limeingiwa na vumbi tu na litapona lenyewe.

Baadaye huonekana doa jeupe au la kijivu juu ya kioo cha jicho, ambalo kingo zake si nyoofu bali zimechanikachanika kama manyoya. Pengine madoa madogo hujitokeza pembeni mwa lile kubwa, na usaha hukusanyika sehemu ya chini, nyuma ya konea. Ikifika hapo, ugonjwa umekwishapiga hatua.

Jeraha linapopenya

Hali huwa mbaya zaidi pale mwiba, waya au kipande cha chuma kinapotoboa konea au sehemu nyeupe ya jicho na kuingia ndani. Hapo kuvu hahitaji kusafiri tabaka kwa tabaka. Amebebwa moja kwa moja hadi kwenye maji ya chumba cha mbele cha jicho au kwenye ute mzito unaojaza sehemu ya nyuma.

Maambukizi mengi ya ndani ya jicho baada ya jeraha la namna hiyo husababishwa na bakteria, na baadhi yao huliharibu jicho kwa muda wa saa chache. Lakini iwapo kilichopenya ni mti, mwiba au kitu chenye udongo, madaktari hulazimika kumfikiria pia kuvu.

Hatari yake iko katika udanganyifu wa muda. Tundu la mwiba linaweza kuwa dogo kiasi cha kujiziba lenyewe. Maumivu hupungua, mtu hurejea kazini, na huenda akasahau kabisa tukio hilo. Wiki kadhaa baadaye jicho huwa jekundu tena, nuru humsumbua, huona vitu vinavyoelea mbele yake, na uwezo wa kuona hushuka. Asipoulizwa kuhusu jeraha la mwezi uliopita, wala asipolikumbuka mwenyewe, ni rahisi kutibiwa kama mwenye uvimbe wa kawaida wa ndani ya jicho.

Matibabu ya maambukizi ya kuvu ndani ya jicho ni mazito. Daktari bingwa hulazimika kuchukua sampuli ya maji au ute wa ndani, kuchoma sindano ya dawa ya kuvu, kama vile amfoterisini au vorikonazoli, ndani ya jicho lenyewe, na mara nyingi kufanya upasuaji wa kuondoa ute uliojaa nyuzi za kuvu. Huduma hizo hupatikana katika hospitali kubwa chache.

Siku 17 za Mbarara

Utafiti uliofanywa kusini magharibi mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2019, ukiongozwa na daktari wa macho Simon Arunga wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, unaonyesha jinsi muda unavyopotea.

Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 313 waliofika hospitalini wakiwa na vidonda vya maambukizi kwenye konea. Asilimia 70 walikuwa wakulima. Kuvu alipatikana kwa asilimia 62 ya wale waliokuwa na majibu ya maabara, akiwapita bakteria kwa mbali. Nusu ya wagonjwa walifika siku 17 au zaidi tangu dalili kuanza.

Miezi mitatu baadaye, asilimia 30 walikuwa hawaoni kwa jicho lililougua, na asilimia tisa walikuwa wamelipoteza jicho lenyewe.

Si kwamba wagonjwa hao walikaa tu nyumbani siku zote hizo. Wengi walikuwa wamekwenda kwanza kwenye zahanati au duka la dawa, wakapewa matone yasiyolingana na ugonjwa, wakarudi nyumbani kungoja nafuu. Hali kadhalika, asilimia 60 walikuwa wametumia dawa za kienyeji jichoni.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, si jambo geni jicho lililoumia kutiwa maji ya majani yaliyopondwa, maziwa ya mama au mate. Nia huwa njema, na anayetoa dawa hiyo aghalabu ni bibi au jirani anayemtakia mgonjwa heri. Lakini maji ya majani mabichi kwenye konea iliyokwaruzwa ni kama kupanda mbegu mara ya pili: huweza kuleta kuvu na bakteria wapya mahali ambapo ngome imekwishavunjika.

Uchunguzi kutoka Uganda na Tanzania umeonyesha pia kuwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamo katika hatari kubwa zaidi ya maambukizi hayo. Ndivyo ilivyo kwa wenye kisukari. Mtu mwenye hali mojawapo kati ya hizo hana sababu ya kusubiri hata siku moja jicho lake linapoumia.

Matone yanayotuliza na kuharibu

Kuna kosa moja ambalo madaktari wa macho hulitaja mara kwa mara kuliko mengine: matumizi ya matone yenye steroidi bila uchunguzi.

Steroidi ni dawa zinazotuliza uvimbe. Zina kazi muhimu, kwa mfano baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari huziandika kwa sababu maalumu. Lakini hufanya kazi hiyo kwa kuinyamazisha kinga ya mwili. Kuvu anapokuwa ndani ya konea, steroidi humwondolea yule askari pekee aliyekuwa akimzuia.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mwanzoni mgonjwa hujisikia vizuri. Wekundu hufifia, maumivu hupoa, na mwenye duka husifiwa kwa dawa yake nzuri. Wakati huohuo nyuzi za kuvu zinaendelea kuzama. Dawa inapokwisha, maumivu hurudi kwa nguvu, na konea huwa imekaribia kutoboka.

Jambo hili linawahusu pia Waswahili walio nje. Jicho la ndugu linapouma kijijini, simu hupigwa Muscat, Dubai, London au Minneapolis, na anayepigiwa, kwa huruma, hununua matone aliyowahi kuyatumia yeye mwenyewe na kuyatuma kwa msafiri. Chupa nyingi za namna hiyo huwa na antibiotiki na steroidi zilizochanganywa pamoja. Kwa mtu aliyechomwa na mwiba, zawadi hiyo inaweza kumgharimu jicho.

Antibiotiki nazo, hata zile zenye nguvu, hazimuui kuvu. Bakteria na kuvu ni viumbe wa aina mbili tofauti kabisa; seli za kuvu zinafanana zaidi na zetu kuliko za bakteria. Ndiyo maana dawa nyingi zinazowaangamiza bakteria humpita kuvu bila kumgusa, na ndiyo maana ni vigumu kutengeneza dawa inayomuua kuvu bila kumdhuru mgonjwa. Msaada wa fedha za nauli ya kwenda hospitali yenye daktari wa macho una thamani kuliko chupa yoyote inayotumwa kwa kubahatisha.

Uchunguzi usiohitaji mitambo mikubwa

Kwa kutazama tu, hata daktari mzoefu hawezi kila mara kutofautisha kidonda cha kuvu na cha bakteria. Kwa bahati njema, kipimo cha msingi ni chepesi.

Daktari hutia dawa ya ganzi jichoni, kisha hukwangua kidogo ukingo wa kidonda akitazama kwa darubini maalumu ya macho. Alichokwangua hukiweka juu ya kipande cha kioo pamoja na tone la kemikali inayoyeyusha seli za mgonjwa na kuziacha nyuzi za kuvu zionekane. Chini ya darubini ya kawaida ya maabara, ileile inayotumika kutafuta vimelea vya malaria, nyuzi hizo huonekana kama matawi membamba. Jibu huweza kupatikana siku hiyohiyo. Sehemu nyingine ya sampuli huoteshwa maabara ili kumtambua kuvu kwa jina, kazi inayochukua siku kadhaa.

Kinachokosekana si mashine ya mamilioni, bali mtu aliyefundishwa kukwangua na kusoma kile kilichokwanguliwa.

Dawa iliyotoka kwenye udongo wa Afrika

Dawa inayotegemewa zaidi dhidi ya kuvu wa konea huitwa natamisini. Historia yake inaanzia Afrika: mwaka 1955 wanasayansi waliipata kutokana na bakteria aliyekuwa katika udongo wa jimbo la Natal, Afrika Kusini, na jina la jimbo hilo ndilo lililobaki ndani ya jina la dawa. Viwanda vya jibini navyo huitumia kuzuia ukungu. Mwaka 1978 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kama matone ya macho.

Kwa muda madaktari walitumaini kuwa dawa mpya zaidi, vorikonazoli, ingeishinda. Jaribio kubwa lililofanyika nchini India, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013, lilionyesha kinyume chake: wagonjwa waliotiwa matone ya natamisini walipona vizuri zaidi, hasa wale walioambukizwa fusariamu. Jaribio la pili, lililofanyika India na Nepal na kuchapishwa mwaka 2016, halikuona faida ya jumla ya kuongeza vidonge vya vorikonazoli kwa wenye vidonda vikali. Mwaka 2022 jaribio jingine la Nepal lilipima dawa ya bei nafuu ya kuua vijidudu, klorheksidini, na hiyo pia haikuifikia natamisini.

Lakini natamisini ina udhaifu mmoja mkubwa: haizami kwa urahisi ndani ya konea. Humfikia kuvu aliye karibu na uso, si yule aliyekwisha kwenda chini. Kwa sababu hiyo hutiwa kila saa moja katika siku za mwanzo, usiku na mchana, kisha huendelea kwa wiki kadhaa, na mgonjwa haruhusiwi kuiacha kwa kuwa tu amepata nafuu. Kwa sababu hiyohiyo siku 17 za kuchelewa si jambo dogo. Mgonjwa wa siku ya tatu na mgonjwa wa siku ya kumi na saba wanaweza kupewa chupa ileile, lakini hawapewi matumaini yaleyale.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiingiza natamisini katika orodha yake ya dawa muhimu, yaani dawa ambazo kila mfumo wa afya unapaswa kuwa nazo. Hatua hiyo ni kubwa, ila kuandikwa kwenye orodha ni jambo moja na kupatikana kwenye rafu ni jambo jingine. Katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, matone hayo bado ni adimu au ni ghali kwa mkulima.

Dawa zinaposhindwa, hubaki upasuaji. Konea iliyotoboka inaweza kubadilishwa kwa konea ya mtu aliyefariki, ikiwa ipo, na katika nchi maskini mara nyingi haipo. Hata anayeponywa na dawa huweza kubaki na kovu jeupe linaloziba nuru.

Funzo kutoka Nepal

Je, inawezekana kuzuia ugonjwa huu kabla haujaanza? Katika wilaya ya Bhaktapur, Nepal, watafiti walijaribu njia rahisi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001.

Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mikwaruzo ya konea na kutia mafuta ya antibiotiki ya kloramfenikoli mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Katika eneo lenye watu wapatao 35,000, wagonjwa 442 walithibitishwa kuwa na mikwaruzo, na asilimia 96 walipona bila kidonda. Miongoni mwa walioanza kutibiwa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda.

Ni kweli kwamba kloramfenikoli haiui kuvu. Lakini aliyefika kwa mhudumu mapema alitazamwa na mtu aliyefundishwa, akaepushwa na dawa za kubahatisha, na utando wa jicho lake ukapata nafasi ya kujifunga.

Hadithi hiyo ina upande wake wa pili. Jaribio kubwa zaidi lililofanyika baadaye nchini Nepal, na kuchapishwa mwaka 2022, halikukuta kwamba vijiji vyenye wahudumu wa namna hiyo vilipata vidonda vichache kuliko vijiji vingine. Dawa kuwepo kijijini haitoshi; ni lazima pia aliyekwaruzwa aone kuwa mkwaruzo ni jambo la kumtoa shambani siku hiyohiyo.

La kufanya mara jicho linapoumia

Mtu aliyekwaruzwa jicho na jani au tawi asilisugue. Aonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo au kesho yake, na aeleze wazi kilichomchoma. Asikubali matone bila kuuliza kama yana steroidi. Baada ya siku mbili, ikiwa maumivu, wekundu au ukungu wa kuona haujapungua, au akiona doa jeupe, apelekwe kwa daktari wa macho bila kusubiri dawa iishe.

Iwapo kuna dalili kwamba jicho limetobolewa, kanuni ni kali zaidi. Dalili hizo ni kitu kilichokwama jichoni, damu ndani ya jicho, mboni iliyovutika upande mmoja, maji au nyama inayotokeza, au kupoteza uwezo wa kuona ghafla baada ya pigo.

Katika hali hiyo kitu kilichokwama kisichomolewe, hata kama kinaonekana kuwa rahisi kuchomoka. Jicho lisioshwe, lisibonyezwe, lisifungwe bandeji ya kukaza, wala lisitiwe mafuta au matone. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama vile kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa, kikikaa juu ya mifupa inayolizunguka. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji, ni vyema asile chakula njiani ikiwa hospitali iko karibu. Huko ataulizwa pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Jambo moja lisichanganywe na hayo: jicho lililoingiwa na kemikali, chokaa, saruji au tindikali huoshwa papo hapo kwa maji mengi safi, na kuendelea kuoshwa kwa muda mrefu. Kutooshwa ni kwa jicho lililotobolewa.

Kinga si ya wakulima peke yao

Miwani ya kinga ya plastiki ngumu ni kizuizi cha kutosha kwa kazi nyingi: kupura nafaka, kufyeka, kukata miwa au mkonge, kupasua kuni, kusaga chuma na kugonga patasi kwa nyundo. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, kwa maana yenyewe huweza kuvunjika na kuwa silaha. Vibarua wa ujenzi na mafundi wa karakana, wawe Mombasa au Sharjah, wana haki ya kuidai kazini kama wanavyodai kofia ngumu.

Wanaovaa lenzi ndani ya jicho nao hawako salama moja kwa moja. Mwaka 2005 na 2006 Marekani, Singapore na Hong Kong zilikumbwa na mlipuko wa maambukizi ya fusariamu miongoni mwa wavaaji wa lenzi hizo, na dawa moja ya kusafishia lenzi ikaondolewa katika masoko ya dunia. Hawakuwa wamechomwa na mwiba, lakini ugonjwa ulikuwa uleule. Lenzi hazipaswi kuoshwa kwa maji ya bomba wala kulaliwa.

Kwa mkulima wa Mbarara, Moshi au Morogoro, hata hivyo, suala linabaki kuwa la siku. Natamisini ikifika katika hospitali za wilaya, na wahudumu wakifundishwa kukwangua kidonda na kukitazama kwa darubini waliyonayo tayari, macho mengi yatanusurika. Hadi hapo, aliyechomwa jicho leo na ndugu yake aliye mbali wana uamuzi mmoja wa kufanya kwa pamoja: kwamba safari ya hospitali ianze kesho asubuhi, si baada ya mavuno.